Filta ya Macheo: Nimeijaribu Ukutani Barack Obama Drive, Dar

Wadau, karibuni tena! Niko Barack Obama Drive, wengine bado tunaiita Ocean Road, kwenye ule ukuta wa kuzuia bahari uliojengwa upya na kukamilika 2018. Jua linakaribia kutoka, kwa hiyo twende moja kwa moja kwenye filta, hiki kioo cha kuweka mbele ya lenzi.

Mambo ya saizi na aina ya kioo yapo kwenye boksi, mtasoma wenyewe. Nataka muone hiki kipande cha katikati. Filta nyingi za nusu giza huanza na giza zito juu kabisa, halafu linafifia kushuka chini. Hii imegeuzwa: giza zito liko hapa katikati, usawa wa upeo wa bahari, na juu panafifia. Kwa nini? Kwa sababu asubuhi mwanga mkali uko pale chini jua linapochomoza.

Haya, limetoka. Tazameni skrini, na tafadhali usilichungulie jua kwenye kitundu cha kamera, utaumia jicho. Bila filta: anga jeupe pe, jua halina hata duara. Nikipunguza mwanga, anga linakaa sawa lakini ukuta unakuwa mweusi tii. Sasa naiteremsha filta taratibu... bado... bado... hapo! Duara lile! Na meli zinazosubiri kuingia bandarini zimejichora zote, huku zege la ukuta unaliona mpaka unyevu wake. Jamani, hii picha sijaigusa kwenye kompyuta!

Najua mtaniambia simu inafanya hivyo yenyewe. Simu inaunganisha picha kadhaa, na wimbi halitulii kati ya picha moja na nyingine, ndiyo maana povu linatoka na vivuli vivuli. Mimi siipendi kabisa.

Kinachoniudhi? Ngoja huyu kaka anayekimbia apite... mmeona? Kichwa chake kimepanda juu ya upeo, kikaingia kwenye giza la filta. Miguu inaonekana, uso hakuna. Ukitaka picha za watu ukutani, hii itakusumbua. Kitu kingine ni chumvi. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, alfajiri maji bado yako juu, wimbi likipiga ukuta, manyunyu yote yanakuja kwenye filta, na kila tone linawaka dhidi ya jua. Usifute kwa fulana! Chumvi inakwaruza. Mwagia maji safi kwanza, ndipo upitishe kitambaa laini.

Bei: nimenunua Kariakoo shilingi elfu themanini pamoja na fremu yake ya kuishikiza kwenye lenzi. Mwanzoni niliona ghali, maana ile ya kawaida ni kama nusu ya hapo. Lakini kwa duara lile, hapana, inalipa. Kama unapiga harusi tu, achana nayo.

Halafu kwa mnaouliza lini uje hapa: Juni jua linatokea kaskazini-mashariki, bahari wazi mbele yako. Desemba linasogea kuelekea Kigamboni, hivyo panga lenzi zako mapema.

Jumamosi nitakuwa hukohuko Kigamboni na stendi mbili za kamera, tuone ipi inahimili upepo wa kusi. Andika hapo chini lenzi yako ni milimita ngapi, nikuambie fremu ipi ununue.