Sakafu ya gereji yangu Njombe: eti nifagie tu

Naweka hukumu mbele kabisa, aliye na haraka aichukue aende zake: nyota moja. Na hiyo moja si ya kampuni, ni ya kijana wao mmoja, saidia fundi, ambaye mkubwa wake alipokuwa ananijibu ovyo yeye alikuwa anatazama chini kwa aibu. Jina lao silitaji. Bado tunadaiana, na sina muda wa kwenda kukalia mabenchi ya baraza la kata.

Ninaposema gereji sisemi banda la kulaza gari. Ni gereji ya kazi, hapa Njombe mjini, magari yanaingia mabovu na kufunguliwa humo humo. Sakafu ya zamani ilikuwa imekwisha. Imebomoka katikati, imenyonya oili ya miaka mingi, jeki ya magurudumu ukiisukuma inakwama kwenye mashimo. Viraka nilishapiga mpaka nikachoka. Nikaita kampuni, wakaja wakapima, tukakubaliana ivunjwe yote na kumwagwa upya.

Kuvunja, kutoa kifusi, kuweka moramu na kushindilia, sina neno. Walishindilia mpaka majirani wakaja kulalamika. Wakatandika nailoni nzito, wakaweka wavu wa nondo na kuuinua kwa vijiwe ili usilale chini. Nikasema hawa watu kazi wanaijua. Nayaandika haya mapema kwa makusudi, maana nikifika kule mbele sitakuwa na moyo wa kumsifia mtu.

Siku ya kumwaga, kokoto zikachelewa. Tulipanga kuanza asubuhi jua likishika. Mashine ya kuchanganyia ikaanza kunguruma baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa mwezi wa sita mwishoni, au wa saba ulishaingia, kile kipindi ambacho wenzetu wa Makete wanaamka na kukuta sakitu imebabua majani ya viazi. Wanamaliza kulainisha uso kwa mwiko, giza limeshaingia na ukungu umetanda.

Hapo ndipo msimamizi wao, ambaye wote wanamwita injinia, akaagiza majiko. Majiko matatu ya mkaa, yale makubwa ya mama ntilie, yakashushwa ndani ya lile shimo la kukagulia magari, upande wa ndani kabisa. Mlango wa chuma ukafungwa. Penyo zote zikazibwa kwa turubai. Mlinzi wangu, mtu mzima mwenye wajukuu, akaambiwa akae kwenye stoo ya spea inayofungukia humo humo, achungulie moto usizime.

Nikamuuliza, "Injinia, mkaa wote huu na mlango umefungwa, huyu mzee je?"

"Mama, zege linataka joto. Wewe kalale."

Zege linataka joto, ni kweli, simnyimi haki yake. Simenti haikauki kama nguo. Inakaza kwa kushikana na maji, na baridi inaichelewesha. Joto likishuka chini ya nyuzi 5 karibu inasinzia kabisa, na maji yakiganda ndani ya zege bichi ndiyo basi tena. Kwa hiyo wasiwasi wake ulikuwa wa kitaalamu. Dawa yake ndiyo ilikuwa ya mtu asiyefikiri.

Usiku wa manane simu inaita. Mzee. "Mama, kichwa kinapasuka na moyo unanichafuka. Nimefungua mlango, niko nje." Nilikaa kitandani natetemeka, na si kwa baridi. Kila kipupwe huku nyanda za juu tunasikia habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Ile hewa ya mkaa, kaboni monoksidi, haina harufu wala haikugongei mlango. Nikamwambia asirudi ndani hata kwa dakika moja, zege na liende zake.

Asubuhi nafika, natarajia injinia ampe mzee pole. Namkuta anamfokea! "Nani alikutuma kufungua mlango? Zege likiharibika utalipa wewe?" Mtu wa umri wa baba yake. Hata shikamoo hakumpa. Mzee amesimama na koti lake la mvua, anasema samahani. Samahani ya nini? Ya kutokufa? Naandika hapa na mkono bado unanipanda moto.

Basi, tukamwagilia maji siku zile walizosema, tukasubiri wiki kadhaa, tukaingiza magari. Vumbi likaanza. Jeupe, laini, halina mwisho. Asubuhi unafagia, saa nne limerudi. Mafundi wangu wakitoka kula wanaonekana kama wametoka mashine ya kusaga. Jeki ikibeba gari, magurudumu yake yanaacha mifereji. Na mjue sisi tunafungua injini humo ndani. Nilikuwa na giaboksi ya Noah imetandazwa juu ya meza, tumeifunika kwa shuka, na bado asubuhi unga umelala juu ya gia. Mwenye gari alipoona akaniangalia, hakusema kitu, ila sijamwona tena.

Nikampigia injinia. Akaja kwa wakati wake anaoujua mwenyewe. Akapitisha kiatu sakafuni, akasema, "Hiyo ni poda ya juu tu, mama. Fagia, itaisha."

Nilifagia. Haikuisha. Nikampigia tena, akasema nimwage maji kwanza ndiyo nifagie. Nikafanya, nikapata tope jeupe, likakauka likawa vumbi lile lile. Mara ya tatu akabadilisha wimbo: kosa ni la baridi ya Njombe, na kwamba hata Kanada sakafu za gereji zinachubuka.

Kanada! Nina binamu kule, nikamuuliza, na mwenyewe nikasoma. Kule maji yanaingia kwenye vitundu vya zege, yanaganda na kutanuka kwa karibu asilimia 9, yanayeyuka, yanaganda tena, hivyo hivyo majira yote ya baridi. Juu yake magari yanaingia na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, nayo inazidisha kuchubuka. Ndiyo maana wenzetu huchanganya dawa inayoacha vipovu vidogo vya hewa ndani ya zege, maji yapate pa kutanukia. Hapa Njombe nani anamwaga chumvi barabarani? Chumvi yetu ni ya kiazi. Na zege linalochubuka kule linabanduka magamba, langu linatoa unga. Hayo ni magonjwa mawili.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa terazo, wa zile sakafu za makanisa na zahanati za zamani. Hakutaka hata kiti. Aliomba msumari. Akaanza kukwaruza kuanzia mlangoni kwenda ndani, anainama, anakwaruza, anasogea. Mlangoni msumari uliteleza, haukuacha alama. Hatua chache ndani ukaanza kuchora. Kule mwisho wa shimo, majiko yalikokuwa, ulichimba kama anavyotaka.

Akaniuliza, "Usiku ule baridi ilikuwa kali wapi?"

Mlangoni, bila shaka. Mlango ulifunguliwa usiku wa manane ukabaki wazi hadi asubuhi.

"Na zege gumu liko wapi?"

Nilikaa kimya. Kama kosa lingekuwa la baridi, mlangoni ndiko kungekuwa unga na kule kwenye joto kungekuwa jiwe. Imekuwa kinyume chake. Kilichoharibu ni moshi. Mkaa ukiwaka unatoa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ikifungiwa juu ya zege bichi katika saa zile za mwanzo inashikana na chokaa iliyomo kwenye simenti. Uso unageuka kitu kama chaki kabla haujapata kukaza. Kumwagilia hakusaidii, kufagia hakusaidii. Unafagia sakafu yenyewe. Yule fundi alisema hili linajulikana, kwamba moto wa wazi haukai chumba kimoja na zege bichi, labda moshi wake uwe na njia ya kutokea nje.

Kwa hiyo mzee aliyefokewa kwa kufungua mlango ndiye aliyeokoa kile kipande pekee cha sakafu kilichopona. Someni sentensi hiyo tena, halafu mniambie niwape nyota ngapi.

Na ngoja, sijamaliza, kuna jambo linanikera hata zaidi. Tulikodi mashine ya kusugulia terazo, ikaletwa kutoka Mbeya kwa kupitia Makambako, tukasugua lile gamba la juu. Ni jembamba, milimita chache tu. Chini yake nikakuta zege ambalo sijawahi kuliona kwenye gereji yoyote hapa mjini. Gumu, limejaa, kokoto zimekaa vizuri, hakuna ufa hata mmoja. Mashine ilikuwa inalia kama inanung'unika, na yule fundi wa terazo, ambaye hasifii watu hovyo, akasema, "Aliyechanganya hili alikuwa na nidhamu ya maji." Maana yake hawakuongeza maji ili koleo lipite kirahisi, kama wanavyofanya wengi. Baada ya kusugua tukapaka dawa ya maji ya silikati ya kukaza uso, na sasa jeki inateleza vizuri kabisa.

Basi nikaanza kuyumba. Nikasema labda nyota tatu. Kwa haki kabisa, wale vijana walifanya kazi nzuri kuliko kampuni kubwa zilizonipa bei ya kutisha. Mtu anayetaka kujenga mwezi wa kumi, jua lipo, kokoto zimefika asubuhi, nadhani hatajuta. Pengine nne.

Halafu nakumbuka mzee na koti lake. Hapana.

Kwa sababu njia salama ilikuwepo, na ni rahisi kuliko magunia ya mkaa waliyonunua. Wapashe maji moto kabla ya kuchanganya. Wafunike kwa nailoni mara tu uso ukishika, juu yake magunia au majani makavu ya kutosha. Zege lenyewe linatoa joto likianza kukaza, ukilifunika linajipasha. Kokoto zikichelewa, waseme kesho. Sikuwa na haraka. Mimi ndiye mwenye gereji, kama nimekubali kufunga siku nyingi, siku moja zaidi ingeniua? Karibu imuue mtu mwingine, ndilo jibu.

Wiki hii injinia amenitumia ujumbe, hana salamu, anaulizia malipo ya mwisho. Bado ninayo. Nimemjibu kwamba nitakata gharama ya mashine, usafiri wake, dawa, na siku ambazo gereji ilifungwa mara ya pili kwa ajili ya kusugua. Risiti zote zipo, kitakachobaki ni chake. Ila aje kukichukua mwenyewe, asitume kijana. Na akifika getini ataanza na mzee, kwa shikamoo kwanza, ndipo nitakapofungua droo.