Nimeirudia The Big Bad Wolf ya 1934: mbwa mwitu kaibeba peke yake

Katuni ya Three Little Pigs ya Walt Disney, ile ya 1933 ya nguruwe watatu wanaowindwa na mbwa mwitu, wengi tumeiona. Sehemu ya pili iliyotoka mwaka uliofuata ndiyo ambayo ukiitaja watu wanakukodolea macho. Inaitwa The Big Bad Wolf, ina urefu wa dakika tisa hivi, na mwongozaji ni yuleyule Burt Gillett. Mimi niliijua utotoni kupitia mkanda wa video uliochoka, rangi zimefifia hadi nguruwe na ukuta wa matofali vinaelekea kuwa kitu kimoja. Majuzi nimeipata ikiwa imesafishwa, nikaiangalia pamoja na mpwa wangu ambaye ndiyo kwanza ameanza shule, halafu nikairudia peke yangu bila maswali.

Safari hii wamechanganya hadithi mbili. Nguruwe ni walewale, ila wamekutanishwa na binti wa kofia nyekundu anayempelekea bibi yake kapu la chakula. Nguruwe fundi, mwenye nyumba ya matofali, anamwonya apite njia ndefu. Ndugu zake wawili, wapiga filimbi na fidla, wanajitia ushujaa na kumwongoza njia ya mkato msituni. Hawa ndio waliobomolewa nyumba zao katika filamu iliyotangulia! La mkuu hawasikii, na kuvunjika guu nako hawavunjiki, kwa sababu katuni lazima iendelee.

Na kwa kweli inaendelea kwa nguvu za mbwa mwitu. Anajigeuza Goldilocks, malkia wa msituni, kajibandika nywele za dhahabu, ananing'inia mtini huku ameibana sauti iwe nyororo. Tawi halimvumilii. Kipande hiki nimekirudisha nyuma mara kadhaa, kwa sababu mchekeshaji hapa ni mwili wenyewe: lile domo refu, lile tumbo, vile anavyojitahidi kuwa na madaha huku kila kiungo kinamsaliti. Sauti yake ni ya Billy Bletcher, mtu mfupi aliyejaliwa besi nzito ajabu, na raha iko pale besi inapomponyoka katikati ya maigizo. Kwa bibi ni hivyo hivyo. Bibi kajifungia kabatini, yeye kavaa nguo za kulalia, kajitupa kitandani, na unaona kabisa kwamba anaona fahari kwa uigizaji wake.

Lawama yangu ni kwa binti. Hana tabia yoyote, kazi yake ni kuwa hatarini. Filamu ya 1933 ilisifiwa kwa sababu nguruwe watatu wenye sura karibu moja walitofautishwa kwa mwendo tu. Fred Moore aliyewachora alimpa kila mmoja namna yake ya kusimama na kurukaruka. Hapa wameongezewa mgeni aliyetoka katika hadithi nyingine, na mgeni huyo ameachwa kama picha ya kwenye kopo la biskuti. Bibi, asiyeonekana sana, ananichekesha kuliko mjukuu wake.

Disney mwenyewe hakuwa na hamu na mwendelezo. Wasambazaji wake, United Artists, ndio waliotaka nguruwe zaidi baada ya ile ya kwanza kupendwa mno na wimbo wake kuimbwa Marekani nzima katika miaka ile migumu ya mdororo wa uchumi. Baadaye alikuwa akisema kwamba huwezi kuwashinda nguruwe kwa nguruwe. Ukiiangalia ukijua hilo, utauona uvivu mahali fulani, hasa wimbo unaporejeshwa kana kwamba mtazamaji akiusikia tu atapiga makofi.

Rangi ndizo zilizonishangaza. Hadi 1935 Disney alikuwa na haki ya peke yake ya kutumia Technicolor ya rangi tatu, mfumo wa kutengeneza filamu za rangi, katika katuni, na inaonekana alitaka washindani wake waumie. Joho jekundu la binti likipita kwenye giza la msitu, jicho halina pengine pa kwenda. Ukiipata nakala iliyofifia, afadhali uiache.

Kisha kuna bisi. Ndugu wawili wanakimbilia kwa fundi, fundi anabeba sanduku lake la zana bila papara, anafika na kumkuta mbwa mwitu akihangaika na mlango wa kabati. Anamwagia punje za mahindi ndani ya suruali, halafu makaa ya moto. Mpwa wangu alicheka mpaka akadondoka kwenye kochi, na kwa kuwa kwetu bisi hukaangwa jioni karibu kila wiki, hakuhitaji kueleweshwa kinachoendelea humo surualini. Sehemu ya mbwa mwitu kitandani ilimtisha kidogo, lakini akaomba irudiwe.

Kuna nyingine mbili baada ya hii. Three Little Wolves ya 1936 inaleta watoto watatu wa mbwa mwitu, ina giza zaidi, na mtambo wa fundi wa kumwadhibu mbwa mwitu ni ubunifu mtupu. Kwangu inaizidi hii. The Practical Pig ya 1939, yenye mashine ya kumbaini mwongo, ni ya kutazama ukiwa umeshawazoea nguruwe hawa na huna haraka. Hii ya 1934 naipa nyota tatu kati ya tano, mbili kati ya hizo za mbwa mwitu, moja ya bisi.