Uzoefu wangu: kibodi ndogo ya vitufe 12 ya kujiundia, kwa kazi za steshenari Mbeya

Inakaa kwenye meza ya steshenari Mwanjelwa, na kazi yake kubwa ni hii: kitufe kimoja kinaandika "Kumb. Na.", kingine "YAH: MAOMBI YA KAZI", cha tatu "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Anayechapa barua kutwa nzima hahitaji kuelezwa zaidi. Naipa nyota tatu, na mbili zimeliwa na bamba, yaani kipande bapa kinachoshikilia swichi za vitufe.

Kifurushi kinakuja na swichi 12 za aina ya MX (aina ya kawaida ya swichi za kibodi), vifuniko vyake, dayodi 12 za 1N4148 (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), bodi ya Raspberry Pi Pico (kompyuta ndogo inayoendesha kibodi), na bamba la plastiki lililochapwa kwa mashine ya 3D. Bamba hilo lina unene wa mm 3, ilhali meno ya swichi hizi hushika bamba la mm 1.5. Ukivuta kifuniko, swichi nzima inachomoka nacho. Nimelazimika kukwangua upande wa chini kuzunguka kila tundu, matundu yote 12. Ukichora la kwako, tundu ni mm 14 kwa 14, na kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha jirani yake mm 19.05. Kwa plastiki ya kuchapwa chora 14.1, kwa kuwa tundu hutoka dogo kuliko mchoro.

Dayodi zote zitazame upande mmoja kama mchoro wa kifurushi unavyoonyesha. Ukigeuza moja, kitufe chake tu ndicho kitakufa. Na kusema kweli, kwa vitufe 12 hazina ulazima. Pico ina pini 26 za kutumia, hivyo kila swichi inaweza kupewa pini yake, na miguu ya pili yote ikaunganishwa kwenda GND (ardhi ya saketi). GND hiyo hunyonya joto: kwa pasi ya kulehemu ya wati 30 na baridi yetu ya Juni, risasi inachelewa kuyeyuka. Kwenye mguu wa swichi usizidishe sekunde tatu, plastiki italegea na kitufe kikwame.

Kupakia programu ni rahisi: shikilia BOOTSEL (kitufe kilicho kwenye Pico) huku ukichomeka waya wa USB, itatokea diski iitwayo RPI-RP2, kisha buruta faili la .uf2 (lenye programu ya kibodi) humo. Isipotokea, badili waya kwanza. Nyaya nyingi za kuchajia simu hazipitishi data.

Natumia QMK, programu huria ya kuendeshea kibodi. Kwenye kompyuta kuukuu herufi zilikuwa zinarukwa, unapata "Husika na kicha cha habri". Weka milisekunde 10 kati ya herufi na herufi, tatizo linaisha. Na ukiona @ inatoka kama alama ya kufungua usemi, usifumue ulichokwisha kulehemu: Windows imewekewa mpangilio wa kibodi ya Uingereza, na QMK kwa kawaida hutuma ule wa Marekani. Badili kwenye mipangilio ya lugha.