Baiskeli ya changarawe kwenye lami: tairi nyembamba kwenye magurudumu yake, au seti ya pili ya magurudumu ya lami?

Kabla ya kubishana, pima upana wa ndani wa rimu. Za changarawe nyingi zina milimita 23 hadi 25, na tairi ya 25 haifai hapo: kuta zake hutanuka, rimu inabaki wazi kugongwa na kila shimo. Anzia 28 kwa rimu ya 23, na 30 kwa rimu ya 25. Rimu isiyo na kingo za kunasa tairi ina masharti zaidi: upepo usizidi bar 5, na tairi iwe imeidhinishwa kwa rimu hizo, la sivyo inaweza kuchomoka ghafla.

Kwa gharama, kubadili tairi tu kunashinda bila ubishi. Seti ya pili inadai kaseti (gia za gurudumu la nyuma), diski za breki na tairi zake.

Kwa usumbufu, mambo yanageuka. Kung'oa tairi isiyo na tyubu kunamwaga dawa ya kuziba pancha, na kuikalisha upya huenda kukahitaji kompresa. Seti ya pili huingia kwa dakika chache, ingawa diski ikikwaruza pedi utaweka shimu, yaani kipande chembamba cha kujazia nafasi, chini yake. Mnyororo uliolika pia utaruka kwenye kaseti mpya.

Kwenye mlima mkali, magurudumu mepesi ya lami yana nafuu. Kwenye lami mbovu, tairi ya 30 hainyimi mtu chochote.

Anayebadili njia kila wiki anunue seti ya pili. Anayekaa lamini miezi mfululizo, tairi zinamtosha.