Ford Mustang ya 1966 kwenye saketi: maoni ya fundi aliyeirithi

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Mustang ya 1966 yenye injini ya V8 (silinda nane) ya inchi za ujazo 289 ni gari zuri la kujifunzia mbio za saketi, ila kwa sharti moja: pesa yako ya mwanzo iishie kwenye breki, stelingi na miguu ya mbele. Injini iache ilivyo. Ukianza na injini utapata gari linalowahi zaidi kufika pale ambapo haliwezi kusimama.

Mimi ni fundi wa mabasi hapa Columbus, Ohio. Ufundi nilianzia Tanga, Ngamiani, kazi yangu ya kwanza ikiwa kushika tochi chini ya Land Rover za watu na kutukanwa mkono ukitetereka. Mustang hii sikuinunua. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe, mtu wa hapahapa Ohio. Aliendea kazini, akaendea kanisani, akampeleka mke wangu shule akiwa mdogo. Alipotutoka, mama mkwe alimpa binti yake funguo, na binti yake akanipa mimi na agizo fupi: fanya unavyojua, ila rangi ya baba usiiguse. Rangi yenyewe ni buluu iliyokoza, imechujuka kidogo juu ya boneti. Sijaigusa.

Shemeji yangu hakufurahi. Yeye alitaka gari lifunikwe shuka, litolewe siku za maonesho watu wapige picha. Nilimsikiliza, maana ni mali ya baba yake kabla ya kuwa mradi wangu. Kilichonisaidia kumjibu ni namba ya chesisi.

Hapo ndipo kila mwenye gari la urithi anapaswa kuanzia kabla hajatoboa hata tundu moja. Letu linaanza na 6F07C. Sita ni mwaka 1966. F ni kiwanda cha Dearborn, Michigan. 07 ni bodi ya milango miwili yenye paa la kawaida, siyo ile ya mgongo wa kuteremka inayogombaniwa na matajiri. C ni injini ya 289, yaani lita 4.7, yenye kabureta ya midomo miwili, nguvu ya farasi 200. Mwaka ule Ford ilitoa Mustang zaidi ya laki sita, na hizi za paa la kawaida ndizo nyingi kuliko zote, kwa hiyo ukikata chuma hapa huibi kitu makumbusho. Lakini herufi ile ya tano ikiwa K, ambayo ni injini ya farasi 271, funga boneti taratibu na ukatafute gari lingine la kuchezea.

Na anayekwambia kwamba yenye paa la kawaida si ya mashindano, mjibu kwa historia. Trans-Am, mashindano ya magari ya kawaida kwenye saketi za Marekani, ilipoanza mwaka 1966, Mustang zilizochuana mle zilikuwa hizihizi, na Ford ikachukua ubingwa wa watengenezaji kwa magari yenye injini kubwa. Shemeji hakuwa analijua hilo. Alinyamaza, na mimi nikaenda kununua drili.

Sasa twende chini ya gari. Ukiivua Mustang nguo unakuta Ford Falcon, gari la bei nafuu la kupeleka watoto shule. Miguu ya mbele imepangwa kwa ajili ya starehe. Ukiingia kona kwa kasi, bodi inalala upande wa nje, na tairi ya nje nayo inalala kuufuata mwili, ikikanyagia ukingo badala ya uso wake mzima. Ndiyo maana gari linakataa kukata kona na linakwenda moja kwa moja huku wewe umezungusha usukani mpaka mikono imepishana.

Dawa yake ilishapatikana zamani na ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Injinia wa Ford aitwaye Klaus Arning alipiga hesabu, na Carroll Shelby, mtengenezaji wa magari ya mbio, akaitumia kwenye GT350, Mustang zake za mbio, za 1965: unashusha mahali mkono wa juu, ule unaoshikilia gurudumu kwenye bodi, unapofungwa, inchi moja tu chini, na kurudi nyuma kidogo sana. Mkono ukishuka, tairi ya nje inajiinamisha kwa ndani gari linapolala, ikabaki imekanyaga vizuri. Kwenye GT350 za 1966, baada ya zile za mwanzo, wakaacha kufanya hivyo, kisa gharama. Kwako wewe gharama ni kipande cha bati cha kupimia, kekee ya inchi 17/32 na nusu siku.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unafungua tairi, unaibana springi ya koili kwa kibanio chake maalumu. Hapa usifanye mzaha, springi hii imekaa juu ya mkono na ikichomoka inavunja taya. Ukishautoa mkono, ule ukuta wa chuma unaobeba shokapu unabaki mtupu mbele yako, na yale matundu mawili ya kiwandani yakiwa na duara la kutu kuzunguka kila moja. Unafunga kipimo kwenye matundu ya zamani, unagonga alama kwa senta panchi, unaanza na kekee nyembamba, kisha ya kati, kisha ile kubwa, na tone la oili kila hatua. Chuma kinatoka kimejikunja kama maganda ya chungwa. Upande wa dereva pampu ya breki inabana nafasi, drili ya kawaida haiingii vizuri, tafuta yenye shingo ya pembe. Matundu ya zamani yaache yalivyo, siku moja mwanao akitaka kurudisha arudishe.

Baada ya hapo gari lilikwenda kwenye alaimenti: kemba (mlalo wa tairi kwenda ndani au nje) digrii moja hasi, kasta (mlalo wa mhimili wa kukatia kona kwenda mbele au nyuma) digrii tatu chanya. Fundi wa alaimenti alitaka kuweka vipimo vya kitabu cha 1966. Vile ni vya tairi za kamba za enzi zile, si vya tairi za radial za siku hizi. Nilisimama pale hadi akaweka vyangu. Kwa kazi hii peke yake naipa nyota zote tano, hakuna kitu kingine nilichofunga ambacho kimelipa hivi kwa pesa ndogo hivi.

Breki sasa. Za kiwandani ni dramu magurudumu yote manne, na pampu kuu ina chumba kimoja tu. Maana yake bomba likipasuka gurudumu lolote, kanyagio linakwenda sakafuni na huna breki hata moja. Mustang ilipata pampu ya vyumba viwili mwaka 1967. Kama umerithi ya 1965 au 1966 na huna mpango wowote wa mbio, bado badilisha pampu hiyo, tena kabla hujampakia mtoto.

Kwa mbele nilifunga disiki. Ford wenyewe waliziuza kama nyongeza enzi zile, zilitengenezwa na Kelsey-Hayes na zina pistoni nne kila upande, hivyo unaweza kubaki ndani ya vitu vya kizamani ukitaka. Mimi kwanza niliagiza seti ya bei poa kwenye duka moja la mtandaoni, silitaji. Mabano yalikuja na matundu yaliyopishana, disiki inagusa kalipa, kile kibanio chake, kwa chini. Niliandika barua pepe, wakanijibu kwamba nipige msasa. Breki! Nilizirudisha, na nauli ya kurudishia nikalipa mwenyewe.

Mafuta ya breki ndiyo kitu watu wanakidharau kuliko vyote. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu inashuka hadi karibu 140, na disiki za mbele zinafika huko bila shida yoyote. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na mguu wako unakanyaga hewa. Weka DOT 4 mpya kabla ya msimu, utoe hewa kwa utaratibu. Ni vitu vya bei ya chakula cha mchana.

Yapo mawili ya usalama ambayo wauzaji wa magari haya hawakuambii. La kwanza ni tangi. Kwenye Mustang hizi sehemu ya juu ya tangi la petroli ndiyo sakafu ya buti. Unapoweka mizigo yako, unaiweka juu ya tangi. Na kati ya buti na abiria hakuna ukuta, ni mgongo wa kiti na kipande cha boksi gumu. Nilikata bati la chuma, nikalifunga nyuma ya kiti na kuziba kila upenyo. La pili ni nguzo ya usukani: ni chuma kimoja kirefu kutoka giaboksi ya stelingi hadi kifuani kwako, haijikunji gari likigonga. Niliweka yenye viungo. Shemeji alipoona ile ya zamani imelala mezani, urefu wake wote, ndipo aliponiuliza kwa mara ya kwanza kama nahitaji msaada.

Chesisi yake ni bodi iliyochomelewa, na reli za mbele hazifiki kwenye reli za nyuma. Ukiinua kona moja kwa jeki unaona mlango unagoma kufunga. Kuna vyuma vya kuunganisha, vinachomelewa chini ya sakafu. Kazi hiyo niliipeleka kwa gereji fulani kwa sababu sikuwa na lifti, wakachomelea gari likiwa linaning'inia badala ya kukaa kwenye magurudumu yake. Lilirudi limejikunja, mlango wa abiria hadi leo unahitaji kusukumwa kwa bega. Kama unampa mtu kazi hii, mwambie mapema: uzito ukae kwenye tairi.

Saketi yangu ni Mid-Ohio, pale Lexington, kama saa moja kaskazini mwa Columbus. Ina maili 2.4, ipo tangu 1962, na imepinda kila namna. Siku za mazoezi unalipa, wanakagua gari, unaendesha kwa makundi kulingana na uzoefu. Hakuna kombe. Mashindano yenyewe ya magari ya kale yanadai kizimba cha chuma, tangi maalumu na mikanda ya pointi nyingi. Huko bado sijafika.

Kona wanayoiita Keyhole ndiyo inayotoa siri zote. Ni ya kulia, ndefu, inakurudisha ulikotoka, halafu inafungukia sehemu ndefu iliyonyooka. Kuingia, gari letu sasa linatii vizuri, pua inafuata jicho. Kutoka ndipo kasoro inapojitokeza. Difu ya kiwandani, ile ya inchi nane, haina kifungio. Ukikanyaga mafuta mapema, tairi ya ndani inazunguka bure na kutoa moshi, na yule wa Miata, kigari kidogo cha Mazda, nyuma yako anakuja kukupita akiwa na farasi wachache kuliko zako. Inaudhi, nakubali.

Mwisho wa sehemu ile iliyonyooka kuna mchanga, wanauita China Beach. Hapo disiki na DOT 4 vinalipa deni lake. Kanyagio linabaki juu, gumu, mzunguko baada ya mzunguko. Nyuma nimeacha dramu na zinatosha.

Kwenye Carousel, kona nyingine ndefu ya kulia, jihadhari na oili. Sampo ya kawaida, lile bakuli la oili chini ya injini, haina vizuizi vya ndani. Oili inapanda ukutani, pampu inanyonya hewa, na mshale wa shinikizo la oili unaanguka wakati injini iko kwenye mizunguko ya juu. Mshale wa kiwandani hauna hata namba, unakuonyesha tu kama injini bado iko hai. Nilifunga geji halisi na sampo yenye milango ya ndani, na shinikizo sasa halitikisiki. Stelingi ya kiwandani nayo ni ya polepole, zaidi ya mizunguko minne kutoka upande hadi upande. Ile ya uwiano wa 16 kwa 1 inapunguza, ila bila msaada wa haidroliki utajua una mabega.

Injini? Plagi, kabureta iliyosafishwa, rejeta kubwa zaidi, basi. Farasi 200 za kitabu na giaboksi ya mkono ya gia nne vinatosha kabisa kwa mtu anayejifunza, na sauti yake haihitaji nyongeza yoyote. Nimekutana na vijana wenye farasi 400 kwenye dramu za baba zao. Wanapiga mizunguko miwili mitatu, halafu wamekaa kwenye nyasi wanasubiri breki zipoe.

Kwa jumla naipa nyota nne. Moja nimeikata kwa difu, tangi na ile nguzo ya usukani, maana mgeni anayenunua hatayajua hayo mpaka yamkute. Kitakachofuata kununuliwa ni difu yenye kifungio, halafu viti vinavyoshika mwili, kwa sababu vya zamani vinateleza na najishikilia kwa goti mlangoni.

Shemeji sasa anaulizia zamu yake. Nimemwambia anunue helmeti kwanza, yenye alama ya Snell SA, ambayo ni ya helmeti za mbio za magari, siyo ya pikipiki, maana wakaguzi wataikataa getini.