Foki ya kaboni ya bei nafuu: uzoefu wangu wa kuifunga hedseti

Foki hii ya baiskeli, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ni ya kaboni tupu, ikiwemo shingo (bomba linalopanda ndani ya fremu hadi kwenye usukani), na haina nembo ya kiwanda kinachojulikana. Shingo yake hupanuka kuelekea chini: mm 28.6 juu, karibu mm 40 kwenye bega, pale miguu inapokutana. Miguu imenyooka, gurudumu linakaa katikati, na mahali pa kufungia breki pamechongwa sawa. Kwa hayo sina neno. Bei imepunguzwa pale ambapo picha za muuzaji hazionyeshi, yaani kwenye kiti cha beringi ya chini na ndani ya shingo. Kazi yote ngumu ya hedseti, yaani seti ya beringi za juu na chini zinazouwezesha usukani kuzunguka, iko sehemu hizo mbili, na ndipo foki nzima huharibiwa na mtu mwenye haraka.

Pima kabla ya kununua hedseti. Kiti cha pete ya chini, ile inayobeba beringi ya chini, kwa shingo ya aina hii hutakiwa kuwa mm 39.8. Changu kilisoma 39.8 upande mmoja na 40.1 upande wa pili. Tofauti ilitokana na vanishi iliyochuruzika ikakauka. Pete ya chuma isiyo na mkato haiingii hapo bila kugongwa, na kaboni haigongwi. Ukingo wa pete hukwangua nyuzi za kaboni, na nyuzi zikishaachana hazirudi. Chukua pete yenye mkato upande mmoja, ambayo huingia kwa vidole. Vanishi iondoe kwa msasa namba 400 uliolowa maji, uache mara nyuzi zinapoanza kuonekana. Vaa barakoa, kwa sababu vumbi la kaboni ni baya kwa mapafu.

Nyingine katika foki hizi hazihitaji pete, maana mteremko wa beringi umefinyangwa begani moja kwa moja. Ukiwa na ya namna hiyo, soma maandishi ya pembeni mwa beringi: 36x45 au 45x45. Namba ya kwanza ni pembe ya upande wa ndani, unaokutana na foki. Bega la pembe ya digrii 45 likipewa beringi ya 36, vinagusana kwa mstari mwembamba tu. Usukani utazunguka vizuri siku ya kwanza, kisha beringi italia kila unaposhika breki, na mstari ule utaanza kula kaboni.

Kukata shingo ni kazi nyepesi ukishapanga vitu. Funga kila kitu kikavu, ikiwemo stemu (kipande kinachoshika usukani kwenye shingo) na spesa zote (pete za kujaza nafasi), uweke alama. Chini ya stemu usirundike spesa. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kati ya mm 30 na 40 kwa shingo ya kaboni. Juu ya stemu weka spesa ya mm 5, ukate shingo ikomee mm 3 chini ya ukingo wa spesa hiyo. Hivyo stemu inabana shingo kwa urefu wake wote, na kifuniko cha juu kinapata nafasi ya kukandamiza. Zungushia utepe wa gundi, tumia msumeno wa meno 32 kwa inchi, na kila baada ya muda geuza shingo ili nyuzi za upande wa mwisho zisichanike. Lainisha ukingo kwa msasa, upake supaglu nyepesi kuziba nyuzi.

Sasa plagi, kipande cha ndani ya shingo kinachoshika bolti ya kifuniko, na hapa ndipo ninapoipunguzia foki hii alama. Nati ya nyota, ile yenye meno inayogongwa ndani ya shingo za chuma, haiingizwi kamwe kwenye kaboni, kwa kuwa meno yake hupasua shingo kutoka ndani. Plagi ya kutanuka iliyokuja na foki ni fupi, na haifiki sehemu ya chini ya stemu. Plagi haipo kwa ajili ya kushikilia kifuniko tu. Kazi yake kubwa ni kuipa shingo mwili kwa ndani ili stemu isiiminye. Niliweka ndefu zaidi, ya mm 70. Ukinunua, pima kwanza kipenyo cha ndani, kwani ukuta wa foki za bei nafuu hutofautiana unene, na ndani mara nyingi mna matuta ya rezini. Matuta hayo yapunguze kwa msasa uliozungushiwa kijiti, kisha futa kwa spiriti. Grisi ipake kwenye hesi za bolti na koni ya plagi tu. Kuta za plagi zipake pasta ya kaboni, ile ya kuongeza mshiko, ukaze kwa nguvu iliyoandikwa juu yake.

Mpangilio wa kukaza hauna njia ya mkato. Stemu ikiwa legevu, kaza kifuniko mpaka foki iache kucheza huku usukani ukigeuka bila kukwama. Ndipo ukaze bolti za stemu kwa zamu, Nm 5 au kiwango kilichoandikwa. Kuhakiki, bana breki ya mbele, weka vidole kwenye makutano ya beringi na fremu, usukume baiskeli mbele na nyuma.

Ikiendelea kucheza hata baada ya kukaza kifuniko, usiongeze nguvu. Fungua uangalie plagi. Ikiwa mdomo wake umeinuka juu ya ukingo wa shingo, inateleza, na chanzo huwa ni grisi au rezini ndani. Ikiwa haijasogea, basi kifuniko kinagusa mdomo wa plagi kabla ya spesa: mdomo wenye unene wa mm 2 unakula karibu nafasi yote ya mm 3 uliyoiacha. Badilisha spesa ya juu, weka nene kidogo. Mfuniko wa beringi ya juu ukisugua fremu, kijazio cha mm 0.25 chini yake kinatosha.

Pete ya kubana iliyo juu ya beringi ya juu ni ya chuma chembamba, na mimi ningeibadilisha kwa pana ya plastiki ngumu. Hedseti ikilegea hata kidogo, pete hiyo husaga shingo polepole chini ya stemu, mahali usipopaona. Kila unapofungua kubadilisha grisi, pitisha ukucha kwenye mstari huo. Ukikwama, foki hiyo usiirudishe barabarani.