Tahadhari: Muuzaji wa "Kifurushi Kamili" cha Corvette C5 kwa Kupe za Zamani

Ndugu wapenzi wa magari ya zamani, yupo muuzaji anayetangaza kile anachokiita kifurushi kamili cha Corvette C5, gari la michezo la Kimarekani, kwa ajili ya kufungwa katika kupe (magari ya milango miwili) za miaka ya 1960 na 1970: injini ya LS1 ya lita 5.7, giaboksi ya gia sita, fremu mbili zinazobeba saspensheni ya mbele na ya nyuma, breki, nyaya na kompyuta, vyote, kwa maneno yake, vikiwa vimetolewa katika gari moja lililogongwa ubavuni. Nawaomba msimlipe chochote. Mwenzangu anayejenga Camaro, kupe ya Chevrolet, ya mwaka 1968 alimlipa, na makreti yalipofika niliitwa kusaidia kuyafungua na kukagua kilichomo, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa nimeyaona na kuyashika mwenyewe. Jina la muuzaji silitaji kwa sababu hulibadilisha kila anapoweka tangazo jipya. Picha zake ndizo zisizobadilika: injini inayoning'inia kwenye mnyororo juu ya sakafu ya zege yenye doa kubwa la oili, na video fupi ya gari likiunguruma likiwa limefunguliwa boneti.

Tangazo lake linawavutia watu kwa sababu ya msingi kabisa. C5, iliyotengenezwa kuanzia modeli ya 1997 hadi ya 2004, ina giaboksi nyuma, karibu na difu, na injini imeunganishwa nayo kwa bomba gumu ambalo shafti huzunguka ndani yake. Saspensheni ina mikono miwili kwa kila gurudumu, na springi ni majani ya faiba yaliyolala kukingama gari. Vitu hivi vyote vimefungwa kwa bolti kwenye fremu mbili za aluminiamu, hivyo fundi mwenye subira anaweza kuvishusha vikiwa vimeshikana na kuvijengea makao mapya chini ya bodi nyingine. Lakini faida hiyo ipo pale tu vipuri vinapokuwa vimetoka katika gari moja. Vikikusanywa kutoka magari matano, mnunuzi anakuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nianze na injini, kwa kuwa ndiyo iliyotufumbua macho. Ilikuwa imepakwa rangi ya fedha ikametameta, na juu yake kulikuwa na mrija mpana wa plastiki wa kuingizia hewa wa LS1 pamoja na vifuniko vyenye jina la Corvette. Bloku ya LS1 ni ya aluminiamu. Nilipoisogeza sumaku ubavuni, iling'ang'ania kiasi cha kunilazimu kuivuta kwa nguvu. Tulipokwangua rangi tulikuta chuma cha kusubu, na mahali panapoandikwa ujazo wa injini pamesagwa kwa grainda hadi pakawa laini. Sampu ya oili nayo ilikuwa ya kina kirefu, ya gari la mizigo, si ile pana na fupi ya C5, na ingefungwa hivyo ingening'inia chini kuliko fremu yenyewe. Kwa dalili zote ilikuwa injini ya pikapu ya lita 5.3, iliyovishwa nguo za injini ya lita 5.7. Siidharau injini hiyo, kwani ni imara na wengi wanaifunga kwa kutaka wenyewe, lakini ni nzito zaidi kwa makumi ya kilo na haifikii nguvu farasi 345 ambazo LS1 ya C5 ilitoka nazo kiwandani mwaka 1997, achilia mbali 350 za kuanzia mwaka 2001. Aliyelipia LS1 apewe LS1.

Bomba la shafti lilikuwa la gari la otomatiki, ilhali giaboksi ilikuwa ya gia za mkono. Hili si jambo la kurekebisha kwa bolti mbili tatu. Katika C5 ya otomatiki, konveta, inayofanya kazi ya klachi, imekaa nyuma, kwenye giaboksi, wakati klachi ya gari la gia za mkono imekaa mbele, nyuma tu ya injini, kwa hiyo mabomba hayo mawili hayaingiliani. Muuzaji anayevunja Corvette kila siku, kama anavyojinadi, hawezi kudai kuwa hakulijua hilo.

Kilichonikasirisha zaidi, kwa kuwa kingeweza kuua, ni fremu ya mbele. Karibu na mahali unaposhikwa mkono wa chini wa saspensheni, rangi ilikuwa nene kuliko kwingineko. Nilipapigapiga kwa mpini wa bisibisi, mlio ukawa mzito na uliokufa, tofauti na ule mkali wa aluminiamu iliyo salama. Nikachokonoa kwa ncha ya kisu, puti ikaanza kutoka vipande vipande, na chini yake ukaonekana ufa ambao kucha inazama, ukielekea kwenye tundu la bolti. Gari lile lilikuwa limegongwa mbele, si ubavuni. Fremu ya namna hiyo haifai kunyooshwa kwa moto wala kuzibwa na kupakwa rangi, kwani ndiyo inayobeba uzito wa mbele wote na kupokea nguvu zote za breki na kona. Springi ya faiba iliyokuja nayo ilikuwa imeanza kuchanuka ukingoni, nyuzi nyeupe zimesimama, na hiyo pia ni ya kutupwa.

Nyaya zilikuwa zimekatwa kwa koleo, nyingine sentimita chache tu kutoka kwenye soketi. Kwa gari lenye kabureta huenda mtu angejikaza akaziunga, lakini C5 haina waya wa kuvuta kutoka kwenye pedeli ya mafuta hadi kwenye injini. Pedeli hutuma ishara ya umeme kwenye kisanduku kidogo cha udhibiti, nacho kwa kushirikiana na kompyuta ya injini hufungua mlango wa hewa kwa mota. Pedeli, kisanduku na mlango wa hewa lazima viwepo vyote na vielewane. Katika makreti pedeli haikuwemo, wala kisanduku. Kompyuta yenyewe ilikuwa bado imefungwa na mfumo wa kuzuia wizi, ambao usipopata idhini kutoka kwenye kompyuta ya bodi hukata mafuta, na bila kuipanga upya injini isingedumu ikiwaka.

Muuzaji pia anadai kwamba mitambo hii "inaingia moja kwa moja" katika kupe yoyote ya zamani. Si kweli, na pima mwenyewe. Umbali kati ya ekseli mbili za C5 ni inchi 104.5, na wa Camaro ya 1967 hadi 1969 ni inchi 108, yaani tofauti ya takriban sentimita 9. Kwa kuwa urefu wa bomba la shafti haubadiliki, ama bomba lirefushwe na mtu anayejua kusawazisha shafti, ama magurudumu yakae kando ya katikati ya mapango yake. Giaboksi ikihamia nyuma, sakafu ya nyuma lazima ikatwe na kujengwa upya, na fremu za aluminiamu haziwezi kuchomelewa moja kwa moja kwenye chuma cha bodi, bali hutengenezewa vishikio vya chuma na kufungwa kwa bolti. Wapo mafundi wanaoifanya kazi hii vizuri sana, na hakuna hata mmoja kati yao atakayekwambia kwamba inaingia moja kwa moja.

Kwa anayetafuta mitambo hii kwa muuzaji mwingine, ombeni kwanza nambari ya chesisi ya gari lililovunjwa, ile yenye herufi na tarakimu 17. Alama ya nane inaeleza injini: G kwa LS1, S kwa LS6, injini ya Z06, toleo la C5 lenye nguvu zaidi. Alama ya kumi inaeleza mwaka wa modeli. Kisha ombeni picha ya wazi ya nambari iliyogongwa kwenye bloku, upande wa kushoto kuelekea nyuma. Tarakimu zake sita za mwisho zinapaswa kulingana na sita za mwisho za chesisi. Mwenzangu aliiomba picha hiyo akajibiwa kwamba injini imeshafungwa kwenye kreti na kwamba mteja mwingine yuko njiani na fedha mkononi. Mwenye mali halali hahitaji kukukimbiza namna hiyo. Kwenye bloku tuliyoipokea, mahali pa nambari pamesagwa pia.

Huyu bwana hutaka nusu ya fedha mapema, kwa njia ya kutumiana kati ya jamaa na marafiki, ambayo haina kinga yoyote kwa mnunuzi, na nusu iliyobaki kabla makreti hayajapakiwa. Ukishamaliza kulipa, simu zako hazipokelewi tena.

Wale ambao wameshapokea makreti yake, msiuze wala kufunga chochote kwa sasa. Pigeni picha kila kipuri kabla ya kukisafisha, hasa sehemu zilizosagwa, na mtunze makreti, vibandiko vya usafirishaji na mazungumzo yote. Wasilisheni madai kwa benki au kampuni iliyopitisha malipo mapema iwezekanavyo, kwa kuwa muda wa kudai huwa na kikomo. Baada ya hapo nendeni polisi na nambari zozote zilizobaki kwenye giaboksi na kompyuta, zikaguliwe kama ni za gari lililoibwa, maana kipuri cha wizi kikishafungwa ndani ya kupe yako, gari zima linaweza kushikiliwa pamoja nacho.